Benki Kuu itupigie sarafu ya dhahabu, hata ya gramu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja moja. Benki Kuu ya Tanzania, ambayo siku hizi inanunua dhahabu ya humu nchini, ipige sarafu ya dhahabu ya taifa, imuuzie mwananchi wa kawaida kwa shilingi, na siku mwananchi huyo akipata shida iinunue tena kwa bei iliyotangazwa hadharani. Hilo la kuinunua tena ndilo zito kuliko yote, nitalifikia.

Mimi ni sonara hapa Tabora mjini, kazi niliyofundishwa na baba yangu. Watu hudhani sonara anaishi kwa maharusi. Hapa kwetu wateja wazito ni wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, ni warina asali, ni walimu, ni akina mama wa vikoba. Fedha za tumbaku zikishalipwa, mzee anaingia dukani na mkewe, anaketi, anasalimia vizuri, kisha ananiambia, "Fundi, nitengenezee kitu kizito." Hasemi kizuri, anasema kizito. Huyo hanunui pambo, anaweka akiba. Ng'ombe ameona wakifa kwa ugonjwa, mahindi ameona yakiliwa na dumuzi, noti aliyoificha ameona jinsi inavyonunua vitu vichache zaidi kila mwaka. Kwa hiyo anaiweka akiba yake shingoni mwa mkewe.

Ikifika Januari, ada za shule zimegonga mlango na deni la mbolea linadaiwa, mkufu ule ule unarudi mezani kwangu. Na hapo ndipo hesabu inapomuumiza mzee wa watu.

Karati ni kipimo cha usafi, dhahabu safi ni karati 24. Kwa hiyo mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una dhahabu halisi gramu saba na nusu. Zilizobaki ni fedha na shaba. Siku ya kununua alilipia dhahabu, akalipia ufundi, akalipia faida ya duka, na pale penye VAT akalipa asilimia 18 juu yake. Siku ya kuuza hakuna anayenunua ufundi. Mnunuzi anausugua mkufu kwenye jiwe, anadondosha tindikali, anatazama rangi, anakunja uso. Atasema haufiki karati 18, na mara nyingi hadanganyi, kwa sababu kila pingili ya mkufu imeungwa kwa lehemu, na lehemu ina dhahabu pungufu kuliko pingili yenyewe. Ukiuyeyusha wote, karati inashuka. Kadiri mkufu ulivyo na pingili nyingi na ufundi wa kupendeza, ndivyo mwenyewe anavyopoteza zaidi. Mzee anaondoka na fedha pungufu, akiamini ameibiwa, ilhali hakuna aliyemwibia. Aliweka akiba kwenye kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya akiba.

Nayasema haya nikijua yanagusa riziki yangu. Watu wakipata sarafu, mikufu mizito itapungua mezani kwangu. Iwe hivyo. Anayetaka pambo atakuja kununua pambo, na anayetaka akiba apate akiba.

Mtu anaweza kuniuliza, kwa nini mzee huyo asinunue dhahabu yenyewe ya mgodini? Kwa sababu Sheria ya Madini haimruhusu mtu asiye na leseni kushika madini ghafi. Tangu mwaka 2019 tuna masoko ya madini, yakianzia Geita, na yamesaidia sana, lakini ni ya mchimbaji, dalali na mfanyabiashara mwenye leseni. Mwalimu wa shule ya msingi hana mlango wa kuingilia pale. Na akijaribu mlango wa uani, atakutana na wale wanaouza unga wa shaba wakiuita dhahabu. Hao nawajua kwa machozi ya waliowanunulia, ambao huja kwangu kupima wakati fedha imeshakwenda.

Sarafu ya taifa inaondoa mashaka hayo yote kwa mkupuo. Uzito wake unajulikana, usafi wake unajulikana, upana na unene wake umeandikwa, na aliyeipiga ni dola. Tazama Krugerrand ya Afrika Kusini, mama wa sarafu zote za namna hii, iliyoanza kupigwa mwaka 1967 ili dhahabu ya Witwatersrand, eneo la migodi ya kwao, imfikie mtu binafsi popote duniani. Ina karati 22 na uzito wa gramu 33.93, na ndani yake mna wakia moja kamili ya dhahabu halisi, yaani gramu 31.1. Zilizobaki ni shaba, ndiyo maana rangi yake inavuta kwenye wekundu. Upana ni milimita 32.77. Mtu mwenye mizani ndogo na kipimo cha fundi anaweza kuikagua mezani bila kuikwaruza wala kuimwagia tindikali. Shaba ya manjano yenye upana na unene ule haiwezi kufikia uzito ule. Ikifikia uzito, basi itakuwa imezidi upana au unene.

Na haikuandikwa thamani ya fedha usoni. Thamani yake ni dhahabu iliyomo, basi. Wengine waliofuata waliandika tarakimu kwa ajili ya sheria tu: Wakanada na Maple Leaf yao ya mwaka 1979 waliandika dola 50, Wamarekani na Eagle ya mwaka 1986 wakaandika dola 50 vilevile, ingawa hakuna mwenye akili timamu atakayeitoa wakia ya dhahabu kwa dola 50. Yetu isiandikwe shilingi. Tarakimu ile itawachanganya watu wetu na kuwapa matapeli neno la kusemea.

Kuna jambo la historia ambalo sisi wa Tabora tuna haki ya kulisema. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipokuwa wamezuiwa baharini na manowari za Waingereza na fedha zimewaishia, walipiga sarafu ya dhahabu hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Ni sarafu ya rupia 15. Upande mmoja una tai wa Ujerumani, upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Dhahabu ilitoka Sekenke, ambako leo ni mkoa wa Singida. Zilipigwa kama 16,000 hivi, kila moja gramu 7.17 za karati 18, kabla majeshi ya Wabelgiji hayajaingia mjini Septemba mwaka huo. Mnyamwezi aliyebeba mizigo ya vita ile hadi mabega yakachubuka hakupigiwa sarafu hiyo. Dhahabu ilikuwa ya ardhi yake, ndovu alikuwa wa pori lake, sarafu haikuwa yake.

Leo sarafu hiyo inawindwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na mnadani huuzwa kwa bei iliyozidi mara nyingi dhahabu iliyomo. Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu wa Tabora na Singida: ukiikuta kwenye sanduku la bibi, usiipeleke kwa sonara akakuyeyushia pete. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno ili ing'ae, maana mkusanyaji anataka sura yake ya asili, na kila mkwaruzo unakula bei. Ipime kwanza. Za bandia ni nyingi, nyingine zimepigwa kwa shaba ya manjano na kupakwa dhahabu juu, nazo ni nyepesi ukizilinganisha na ukubwa wake. Wamekuja watu hapa wakitaka niiyeyushe, na nimewakatalia.

Tanzania huru nayo imewahi kupiga dhahabu. Mwaka 1974 ilitoka sarafu ya shilingi 1,500, yenye sura ya Mwalimu upande mmoja na duma upande wa pili, uzito gramu 33.4, usafi 900 kwa 1,000. Ilikuwa katika mfululizo wa sarafu za kuhifadhi wanyamapori zilizotolewa na nchi nyingi wakati huo. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Lakini ililenga wakusanyaji, wengi wao wa ng'ambo, na fundi bomba wa Nzega hakuwahi kuiona. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka wasomaji waishike. Sarafu ya kumbukumbu inanunuliwa kwa uchache na uzuri wake, na bei yake hutegemea kama utampata mtu anayeipenda. Sarafu ya akiba inanunuliwa kwa uzito. Anayekuuzia ya kwanza huku akikuhubiria faida ya pili, mkimbie.

Somalia inatufundisha upande mwingine. Kuna sarafu maarufu za ndovu, za fedha na za dhahabu, zenye jina la Somalia. Zinapigwa München, Ujerumani, na zinauzwa kwa Wazungu wenye akiba zao. Jina ni la Afrika, ndovu ni wa Afrika, ila mama muuza maziwa wa Mogadishu hana dirisha la kuinunulia. Tusije tukafanya hivyo na twiga wetu.

Sasa, je, uwezo tunao? Tunao. Kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Mwanza, ambacho STAMICO, shirika la madini la taifa, ina hisa, kilizinduliwa mwaka 2021 kikiwa na uwezo wa kilo 480 kwa siku. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kwa mujibu wa Sheria ya Madini, wenye migodi na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu nje wanatakiwa watenge angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa hapa nchini. Benki Kuu inanunua na kulipa kwa shilingi. Dhahabu ipo, mtambo upo, mnunuzi mkuu yupo. Kilichobaki ni kumega kipande kidogo cha akiba hiyo na kukipiga muhuri. Mkoa wetu ulikuwa na mgodi mkubwa wa Golden Pride kule Nzega, ukafungwa mwaka 2014. Dhahabu yake ilipanda ndege, na ukinitafutia leo gramu moja yake iliyobaki katika nyumba za watu wa Nzega sijui utaipata wapi.

Waafrika wenzetu wameshajaribu. Zimbabwe, Julai 2022, ilitoa sarafu ya Mosi-oa-Tunya, iliyopewa jina la maporomoko ya Zambezi: wakia moja, karati 22. Bei ilikuwa ile ya soko la dunia pamoja na asilimia 5 ya gharama za kuitengeneza. Nyongeza hiyo ni ya haki. Lakini walianza na wakia nzima tu, ambayo wakati huo ilikuwa zaidi ya dola 1,800, mtumishi wa kawaida angeipata wapi? Ndogo zilifuata Novemba. Tena mwenye sarafu alitakiwa akae nayo siku 180 ndipo benki imnunulie. Naelewa sababu zao, fedha yao ilikuwa inaporomoka na walitaka kuzuia walanguzi. Ila mtoto akilazwa Kitete usiku wa leo, mzazi hawezi kuiambia hospitali isubiri siku 180.

Ghana ilifuata mwaka 2024 na sarafu yake ya usafi wa asilimia 99.99, kwa wakia moja, nusu na robo, inayouzwa kupitia benki za biashara kwa fedha ya nchi yao. Hapo kwenye benki za biashara wametushinda, na tuwaige.

Ningeombwa ushauri wangu, na hakuna aliyeniomba ila gazeti ni la wote, ningesema hivi. Kwanza tuachane na wakia. Watu wetu, kuanzia mchimbaji mdogo wa Igunga hadi mimi, tunahesabu gramu na pointi. China iliacha wakia kwenye sarafu yake ya Panda mwaka 2016 ikaingia kwenye gramu: 30, 15, 8, 3 na 1, na dunia haikuacha kuinunua. Sisi tupige gramu 1, gramu 3 na gramu 10. Najua kadiri sarafu inavyokuwa ndogo ndivyo gharama ya kuipiga inavyokuwa kubwa kwa kila gramu, na watu waambiwe hivyo waziwazi dirishani. Hata hivyo ile ya gramu 1 ndiyo itakayoingia kwenye kikoba cha akina mama wa Isevya.

Pili, iwe karati 22, na uzito unaotajwa uwe wa dhahabu halisi iliyomo. Wapo watakaotaka 99.99 kwa sababu inapendeza kutamka. Mimi ninayeishika kila siku nawaambia, dhahabu safi ni laini, inakwaruzika kwa kugusana tu na funguo mfukoni. Mwanamke wa kijijini ataifunga kwenye kitambaa, ataichimbia, ataifukua, atampa mwanawe ashike. Shaba kidogo ndani yake itailinda. Na iwe na alama za siri za kuonekana kwa lenzi, kama Wakanada walivyoweka kwenye Maple Leaf yao alama ndogo yenye tarakimu za mwaka.

Kodi nayo iangaliwe. Afrika Kusini haitozi VAT kwenye Krugerrand. Uingereza haitozi VAT kwenye dhahabu ya uwekezaji, tena faida ya mtu kwenye sarafu zake za Britannia haiguswi na kodi ya ongezeko la mtaji. Tukiweka asilimia 18 juu ya sarafu yetu, mnunuzi atakuwa ameanza safari akiwa na hasara ambayo bei ya dhahabu inaweza kuchukua miaka kuifidia, naye atarudi kwenye unga wa mlango wa uani.

Naijua hoja ya wachumi kwamba dhahabu hailipi riba. Ni kweli. Hatifungani ya serikali inalipa, dhahabu inakaa tu. Na bei yake hushuka, tusiwadanganye watu kwa sababu mwaka 2025 ilipita dola 4,000 kwa wakia. Januari 1980 ilifika dola 850, na mwaka 1999 ilikuwa chini ya dola 300. Aliyenunua kileleni mwaka 2011, karibu na dola 1,900, alikuja kuiona ikiwa dola 1,050 hivi mwishoni mwa 2015. Mtu asiuze shamba anunue sarafu. Asikope anunue sarafu. Anunue kwa ile fedha ambayo vinginevyo angeiweka kwenye mkufu au kuifukia kwenye mtungi, aitunze miaka, ahifadhi risiti yake mbali na sarafu yenyewe, na asimwonyeshe kila mgeni.

Nirudi kwenye lile zito. Sarafu bila dirisha la kuinunua tena ni mkufu mwingine tu usio na pingili. Benki Kuu ina matawi Mwanza, Dodoma, Arusha, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Tabora haina. Mkulima wa Kaliua asilazimishwe kupanda basi hadi Mwanza akiwa na dhahabu kwenye soksi. Kila tawi la benki ya biashara litakalopewa kibali cha kuuza liwe na wajibu, kwa maandishi, wa kununua. Bei mbili zibandikwe ukutani kila asubuhi, ya kuuza na ya kununua, kama maduka ya fedha za kigeni yanavyofanya, na tofauti kati yake iwekewe kikomo na Benki Kuu yenyewe. Masoko ya madini ya mikoa yapewe kazi hiyo hiyo, maana mizani na wataalamu wa kupima tayari yanao. Malipo yatoke siku hiyo hiyo, taslimu au kwenye simu.

Waheshimiwa wabunge wa mikoa ya dhahabu, Geita, Mwanza, Shinyanga, Mara, Singida, Songwe, nanyi wa kwetu Tabora, nawaomba mliulize jambo hili bungeni: ni kiasi gani cha dhahabu inayonunuliwa na Benki Kuu kinaweza kutengwa kwa ajili ya sarafu ya wananchi, na lini. Sisi masonara tuko tayari kuitwa kutoa maoni kuhusu vipimo na mchanganyiko, bila posho.

Wako katika kujenga taifa,

Sonara,
Tabora mjini